Shahidi Aliyejifungia Chooni

Dada: Haloo? Ni nani?

Bubu: Mimi, dada. Sauti imenikauka. Amebaki mtu mmoja kabla hawajanifikia, na siwezi kusema mbele ya wale watu.

Dada: Bubu? Mbona namba ngeni?

Bubu: Simu ya mlinzi, yangu imezima. Nimejifungia chooni.

Dada: Chooni! Kamati imekuja kiwandani kusikiliza kesi ya mume wangu, na shahidi wake wa pekee yuko cho—

Bubu: Polepole, watakusikia!

Dada: Wasikie! Niko hapa koridoni hospitalini, huyu ndani hajala tangu juzi. Kageukia ukutani. Anasema heri angekufa kuliko kuitwa mzembe aliyejikata mguu mwenyewe.

Bubu: Mguu unamuuma?

Dada: Ule usiokuwepo ndio unaomuuma.

[Mtandao unakwaruza.]

Bubu: Dada, wamejaa ukumbi mzima. Nimetapika mara mbili. Wewe unanadi mitumba, umezoea kupayuka—

Dada: Kupayuka ndiko kulikokulea! Sikiliza. Siku ya kwanza sokoni nilisimama na gauni mkononi mpaka jua likanichoma, neno halitoki. Bibi mmoja ananiuliza, mwanangu, unauza au unaanika?

Bubu: [Anacheka kidogo] Ukafanyaje?

Dada: Nikaacha kutazama watu. Nikachagua uso mmoja, wa yule bibi, nikamwambia yeye tu. Nawe chagua mmoja. Chagua wa shemeji yako. Jifanye amekaa mbele yako.

Bubu: Huo siwezi.

Dada: Huwezi nini? Hebu tujaribu. Sema nami. Mashine ya kukoroga udongo—

Bubu: Mashine ya kukoroga udongo wa matofali ina swichi moja na ufunguo mmoja. Anayeingia ndani kuparua udongo anachomoa ufunguo, anautia mfukoni, ili mtu asimwashie.

Dada: Si hiyo sauti? Imetoka wapi? Haya, wenye kiwanda wanasema mume wangu aliuacha kwenye swichi. Yeye anasema aliuchomoa. Suruali yake waliikata hapa hospitalini wakaitupa, na ufunguo ndani yake. Wewe ndiye uliyekuwa bandani. Uliuona kwenye swichi?

Bubu: Haukuwepo. Aliuchomoa.

Dada: Basi! Kaseme hayo, ukae.

Bubu: Wataniuliza, kama ufunguo ulikuwa mfukoni mwake, mashine iliwashwa na nini.

Dada: Utasema hujui.

Bubu: Dada—

Dada: Utasema hujui! Mashine kuukuu ile, inaweza hata kujiwasha—

Bubu: Haijiwashi. [Mlango unagongwa] Nakuja! Naitwa, dada.

Dada: Usikate. Tia simu mfukoni mwa shati. Nipo nawe.

[Hatua. Viti vinaburutwa. Watu wananong'ona.]

Bubu: Naam, waheshimiwa. Mimi... mimi ni...

[Mtu anacheka.]

Dada: Vuta pumzi, mdogo wangu. Uso mmoja.

Bubu: Mimi ni shemeji wa aliyeumia. Mke wake ni dada yangu. Mama alipotutoka, ndiye aliyenilea.

Dada: Ehee. Endelea.

Bubu: Shemeji aliuchomoa ufunguo. Niliporudi kutoka kula nilikuta swichi haina kitu. Nikadhani ametoka nao, maana tumezoea kusahau, mtu anakwenda nao mpaka nyumbani, sote tunakaa bure. Ndiyo maana tulichonga wa pili. Mimi na wenzangu wawili. Tunauficha juu ya boriti.

Dada: Bubu.

Bubu: Nikauchukua wa pili. Sikuchungulia ndani. Nilitakiwa kuchungulia, na sikuchungulia. Nikawasha.

[Kelele ukumbini. Mtu anagonga meza.]

Bubu: Nimemaliza. La, bado. Yeye si mzembe. Hakukosea hata kitu kimoja.

[Hatua za haraka. Mlango. Upepo.]

Bubu: Dada? Haloo? Upo? Wameandika kwamba shemeji hana kosa. Nimeona kwa macho yangu mwenyekiti akiandika. Mimi na wale wawili hatuna kazi tena. Nimeambiwa nisiondoke, wanaita polisi. Dada?

Dada: Nimesikia. Una sauti nzuri. Sikuwahi kujua unayo.

Bubu: Nilitaka kukwambia kila siku—

Dada: Kila siku ulikuja hapa. Unamwogesha, unamkausha, unamgeuza. Nikawaambia manesi, tazameni, huyu ndiye mdogo wangu.

Bubu: Nilikuwa nikifungua mdomo, neno halitoki.

Dada: Mbele yangu? Mimi peke yangu? Mimi ndio ukumbi?

[Mtandao unakwaruza.]

Bubu: Mwambie shemeji ale. Mwambie wameandika. Salio la mlinzi linakwisha, dada, wakiniachia nije jioni?

Dada: Usije.

Bubu: Kesho?

Dada: Nitamwambia wameandika. Atakula. Mguu mmoja. Wiki saba za kuitwa mzembe. Kazi za watu watatu. Na ndugu, nami nilikuwa naye mmoja t—

[Salio limekwisha.]