Magunia ya Yangi na Kuku wa Ng'ambo

Mwaka ule wa 2017, vita vikiwa bado havijachoka, kulikuwa na benchi moja pale New Site, mtaa wa jiji la Juba, mbele ya jiko la mkaa la Victoria. Victoria alipika kahawa ya tangawizi kwenye jabana, birika la shingo nyembamba, na kila aliyeonja alijiona msomi. Siku hiyo walikaa watatu. Konga walimwita Daktari, kwa kuwa huko Uganda aliwahi kumbebea bwana mifugo sanduku la sindano. Jada walimwita Injinia, na hakuna aliyejua kwa nini. Wa tatu alikuwa Yangi, mtu wa sala, ndiyo maana wakamwita Shemasi. Kesho yake lori la kanisa lingevuka mto kwenda kijijini kwao, nalo lingebeba magunia yake kumi na mawili ya chakula cha kuku: pumba, mashudu ya ufuta, na dagaa wa kusaga. Cherehani ya mkewe, Keji, ndiyo iliyouzwa ikageuka magunia hayo.

— Shemasi, mbona leo unaitazama kahawa kama maiti? — Jada akamchokoza.

— Naombea safari, ndugu yangu.

— Ya kuombea nini, buda? Kijiji kizima hakina duka la chakula cha kuku! Manze, uko peke yako!

— Mimi iko naambia wewe kitu moja, — Konga akainua kidole cha udaktari. — Dagaa, ongeza. Kuku nakula dagaa, nataga mayai mbili. Moja asubuhi, moja jioni. Wazee nasema, samaki mkunje angali mbichi.

— Hiyo ni ya kulea watoto, Daktari, — Yangi akamsahihisha.

— Na kuku hana mama?

— Achana na kuku! — Jada akasogea. — Ng'ombe, Shemasi! Akina mama wa mtaa wa Juba na Bari wakishakamua pombe ya mtama, machicha wanamwaga. Zoa bure, ukalishe ng'ombe.

— Atalewa, — Victoria akasema, akipuliza mkaa.

— Ndiyo dili yenyewe, mama! Wezi wanakuja na bunduki. Wanachapa, wanasukuma, ng'ombe amelala anakoroma. Utaiba vipi mzigo unaokoroma? Mwenda pole hajikwai!

— Wallahi! — Konga akapiga goti. — Lewesha ng'ombe ya pande zote. Hakuna ya kukimbiza, hakuna ya kulipiza. Vita nakwisha. Khalas!

Wakacheka mpaka Victoria akashika jabana isipinduke. Yangi naye alicheka, lakini akawa wa kwanza kuacha. Mungu alijua, na yeye alijua. Mwezi uliopita Keji alimtuma kijijini awaulize watu kama watanunua. Yangi alifika darajani, akaona magari ya askari, moyo ukayeyuka. Akarudi akashinda kwenye benchi hili hili, na jioni akamwambia mkewe, "Kuku ni wengi, watu wanatusubiri." Kuku aliowahesabu walikuwa wa utoto wake.

Hapo akatokea mama mmoja na tenga tupu kichwani, akaomba maji ya kunywa. Yangi akasimama upesi. Alikuwa Natalina, kiongozi wa akina mama wa kanisa la kijijini kwao.

— Shangazi! Umevuka lini?

— Jana, mwanangu. Kicheko chenu nimekisikia tangu kule barabarani. Mnachekea nini?

— Huyu kesho anawaletea chakula cha kuku, magunia kumi na mawili! — Jada akajibu kwa fahari, kana kwamba alisaga yeye.

Natalina akatua tenga chini. Akamtazama Yangi bila hasira yoyote.

— Cha kuku yupi?

Jada akapata kazi ya kukagua kandambili zake.

— Nauliza tu, — akasema Natalina. — Jogoo wa mwisho tulimchinja mvua za mwaka jana, tulipojificha porini. Alikuwa anawika, angetuuza. Mimi nimetumwa huku nitafute mitetea.

Mkaa ukapasuka.

— Shangazi, — Yangi akasema, — sikufika. Niliishia darajani, nikaogopa, nikamdanganya mke wangu. Cherehani yake imeondoka kwa uongo wangu.

Akaweka kikombe chini, akafuta mikono kwenye suruali, akaanza kuondoka.

— Wapi sasa? — Konga akauliza.

— Kutubu.

— Leo Jumanne. Kanisa nafungwa.

— Naenda nyumbani, kwa Keji. Kanisani ingekuwa rahisi.

Natalina akamaliza maji yake, akajitwika tenga.

— Ningoje, mwanangu. Wewe una chakula huna kuku, mimi nina tenga sina kuku. Twende wote. Mbele ya mgeni mkeo atapiga kelele nusu.