Violoni Moja ya Maman Eulalie Nabintu (1957–2024)

Maman Eulalie Nabintu alizaliwa Walungu tarehe 9 Machi 1957, binti wa Muzee Edouard na Maman Emérence. Baba yake alipiga zeze la uzi mmoja, na harusi za kilimani kwao hazikunoga bila yeye. Mtoto wa nyoka ni nyoka: Eulalie alizijua nyimbo zile kabla ya kujua kusoma.

Mwaka 1970 aliletwa Bukavu kwenye shule ya masista, na sista mmoja akamfundisha violoni. Alipopata diploma mwaka 1976, sista alimwachia ile violoni. Eulalie akaipigia nyimbo za misa, na za harusi za baba yake pia; ikipigwa za harusi, watu waliiita zeze. Kisha alifundisha shule ya msingi Kadutu hadi alipostaafu.

Tarehe 18 Julai 1981 alifunga ndoa na Papa Alphonse, seremala. Ndiye aliyekichonga upya kibao kinachoinua nyuzi za violoni ile, akakipunguza mgongo, ili upinde uguse nyuzi mbili kwa pamoja, kama wacheza ngoma wa harusini wanavyopenda.

Mwaka 1988 kiongozi wa kwaya, Papa Blanchard, alimkubali kupiga misani kwa sharti moja: alete violoni, aache zeze nyumbani, maana zeze ni la kasiksi, pombe ya ndizi. Alidhani mama ana vyombo viwili. Eulalie angeweza kunyamaza. Akamwambia ni chombo kile kile, na akaondolewa kwenye kwaya. Hakuhama parokia. Kila Jumapili aliketi benchi la mbele, violoni magotini, bila kuipiga. Alikuwa na kichwa kigumu, na tulimpenda nacho.

Mama yake Papa Blanchard alipofariki, Blanchard mwenyewe alikuja kumwomba alete vyote: violoni ya misa, na zeze la matanga, kwa kuwa marehemu alipenda ngoma. Eulalie alifika na kimoja.

“Papa Blanchard, iko hii moja tu,” alimwambia mbele ya watu. “Kenye inabadilika ni mukono.”

Tangu siku ile alirudishwa kwenye kwaya, akapiga misani, mpaka Novemba 2023, kiharusi kilipouchukua mkono wake wa kushoto, ule wa kubonyeza nyuzi. Alilia sana. Halafu akamwita binti yake Colombe, aliyekuwa amemfundisha violoni.

“Weye finya nyuzi, miye nitavuta upinde.”

Walipiga hivyo, wakigombana kila wimbo, hadi alipofariki nyumbani kwake Kadutu tarehe 12 Julai 2024. Aliagiza apigiwe hapa kaburini wimbo wa misa na wa harusi.

Ameacha mume, Papa Alphonse. Watoto Colombe, Bienfait wa Minova na Yolande. Na wajukuu wanaomlilia.

Jana vijana wa kwaya waliuliza Colombe ataleta violoni au zeze. Aliyewajibu ni Papa Blanchard, sasa muzee wa mkongojo: “Ni kitu moja.”

Colombe, simama upige. Maman, pumzika kwa amani ya Bwana.