Kirundo Pembeni ya Ungo

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu wa jumuiya. Nasimama mbele yenu na miwani puani na aibu kifuani, na vyote viwili ni halali yangu.

Wengi nyie mnanijua, nauza mchele wa Mpimbwe sokoni hapa Mpanda. Kopo nalipima mara mbili. Mwaka jana wateja wakaanza kulalamika. Mmoja akaja na jiwe kiganjani: "Mama Kalisti, na hili ulilipima?"

"Hilo nyongeza, sikukutoza."

Watu wakacheka, lakini yeye akahamia meza ya jirani.

Ndugu zangu, mkosaji nilishamjua. Mchele anachambua mkamwana wangu, Veneranda. Kila jioni anaacha kirundo pembeni ya ungo, na mimi nilikiona ni mchele. Nikasema, mtoto wa watu huyu ananitupia mali. Asubuhi akienda kisimani, mimi nakizoa, nakirudisha guniani, simwambii. Kisha namgombeza kwa mawe ya wateja. Mwisho nikamtaka mwanangu amrudishe kwao Sitalike. Tukaita wazee waje Jumamosi.

Alhamisi nilikwenda zahanati ya misheni kwa kikohozi. Sista akanipa cheti cha dawa, nikakisogeza mbali mpaka mkono ukaisha.

"Mama, macho yako hayo."

"Macho mazima, Sista. Mkono ndio mfupi."

Akatoa sanduku la miwani kuukuu. Ya tatu ikanikubali, herufi zikasimama.

"Ina mkwaruzo," nikasema. "Nipunguzie."

"Ni ya bure, mama."

"Basi nipe mbili."

Akanipa moja.

Ijumaa asubuhi nikainama kuzoa kirundo kama kawaida. Ndugu zangu, mkono uligoma. Yalikuwa mawe. Madogo, meupe, mawe matupu. Nikayahesabu, nikarudia kuyahesabu. Punje ya mchele haikuwamo hata moja. Nikakaa chini vumbini. Kwa mkono huu nimelisha watu mawe, na kwa mkono huuhuu nilikuwa navunja ndoa ya mwanangu.

Veneranda akarudi na ndoo kichwani. "Mama, umeanguka?"

"Nimeanguka," nikasema, nikamweleza yote.

Akatua ndoo. "Kumbe," akasema. "Mimi nilidhani nimelogwa. Nachambua, yanarudi. Nachambua, yanarudi."

Jumamosi wazee walipokaa, nikawaambia mshitakiwa ni mimi. Wakanitoza mbuzi wa kumwomba radhi mkamwana. Wanaonijua wakangoja nibishe. Sikubisha. Nikamchagua mnono.

Namshukuru Mungu aliyenifungua macho siku moja kabla ya baraza. Ndugu yangu unayeshika kitabu cha nyimbo kwa mkono ulionyooka, usitafute mchawi, na mkweo mwache apumzike. Mtumaini Bwana, na Jumatatu twende wote kwa Sista. Veneranda amekubali kutusindikiza, maana njia anaiona vizuri kuliko sisi.