Mzee Anania wa Ghorofani Akabidhi Funguo

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Mzee Anania Ntirampeba anastaafu baada ya miaka arobaini na moja kwenye Ghorofa la Khatibu, hapa Kasulu mjini. Ghorofa lenyewe linamfuata: kesho yake linabomolewa.

Alianza mwaka 1984 kama mbeba zege, kijana wa miaka kumi na tisa, jengo likiwa msingi tu. Lilipofikisha ghorofa tatu, mjini hapakuwa na lingine. Ukimwambia mtu mkutane Ghorofani, haulizi la nani. Marehemu Khatibu, mwenye jengo, akampa funguo, naye akawa mtunza jengo hadi leo.

Watu walitoka Nyakitonto kuja kupanda ngazi tu, wauone mji kwa juu. Wakifika chini wanavua viatu, kama wanaingia sebuleni kwa watu. Anania hakumwambia yeyote kwamba si lazima. Alivipanga jozi kwa jozi, akavilinda, na hakikupotea hata kimoja. Sisi wapangaji tulimtania mno, maana yeye mwenyewe alipanda na mabuti ya mpira yenye tope!

Mwezi Machi aliona ufa kwenye nguzo ya chini. Angeweza kuupiga plasta, akastaafu kimya kimya, na kazi ya mikono yake ikabaki imesimama. Akaenda mwenyewe kumwita mhandisi. Ikaamriwa tuhame, jengo libomolewe. Jamani, tulimnunia! Dada Faudhia, fundi cherehani wa ghorofa ya pili, hakuitikia salamu yake wiki nzima. Mhandisi alipobandua plasta na kutuonyesha nondo zilizoliwa na kutu, Faudhia alikaa chini akalia. Wanawe hucheza pale pale kila jioni. Alimwomba Mzee radhi mbele yetu sote, naye akajibu tu "ego", ndiyo yake ya Kiha tuliyoizoea.

Jumamosi iliyopita tulitoa vyerehani vya mwisho. Anania akaomba apande mara moja, peke yake. Alipofika kwenye ngazi aliinama, akavua mabuti. Hakuna aliyecheka. Faudhia aliyachukua, akayapanga sawasawa, akakaa kuyalinda mpaka aliposhuka.

Mzee wetu, ahsante kwa kutulinda sisi pamoja na viatu vyetu. Nenda salama shambani kwako Gwarama, Mungu akupe afya na mavuno. Tutakuja kukusalimia, na mlangoni kwako tutavua viatu.

Bazilio, kinyozi, chumba namba nne