Mashauri Holo Anastaafu, Gari Namba 9 Halijasainiwa

Gari namba 9 halijamaliza ukaguzi wa kiyoyozi, na fundi Mashauri Holo anastaafu leo, Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, bila kulisainia. Msimamizi wa karakana, Leodegar Kunambi, alithibitisha hayo jana jioni. Magari mengine kumi na matatu ya Huduma ya Usafiri wa Wagonjwa Mkuza yamepita na yako tayari kwa miezi ya joto.

Gari namba 9 ndilo linalowachukua wagonjwa sita wa figo kutoka Maneromango na Mzenga, wilayani Kisarawe, kuwaleta Kibaha kusafishwa damu mara tatu kwa wiki. Barabara ile ni ya vumbi hadi Mlandizi, kwa hiyo madirisha hayafunguliwi. Kiyoyozi kikifa Januari saa nane mchana, aliye ndani hana pengine pa kupata hewa.

Mzee Mashauri ametumikia karakana yetu miaka ishirini na saba. Alizaliwa Magu, akaja Kibaha akiwa fundi wa matrekta, na aliajiriwa hapa Machi 1998. Wakati huo tulikuwa na magari matatu, na kiyoyozi kilichofanya kazi ni kimoja. Alijifunza mfumo huo kwa kuufungua na kuufunga. Leo ana miaka sitini, nyumba Mbwawa, ng'ombe wanne, na mke, Bi. Tereza, anayesema ng'ombe hao wanafanyiwa ukaguzi zaidi kuliko watoto walivyofanyiwa.

Kazi yake haikuwa na siri. Kila Oktoba alianza na gari namba 1. Alitoa chujio la hewa la ndani na kulikung'uta mbele ya dereva, ili dereva aone vumbi alilokuwa akiwavutisha wagonjwa. Aliosha kondensa, ile rejeta nyembamba ya mbele, kwa maji ya taratibu, kwa sababu maji ya kasi hulaza mapezi yake, vile vibati vyembamba vilivyopangana, na hewa haipiti tena. Alikagua mkanda wa kompresa na feni. Mwisho alipima gesi, na ikiwa imepungua hakuongeza hata kidogo mpaka ajue imevujia wapi. Hata Juni na Julai, kipupwe kikiwa kimeshika, aliwataka madereva wawashe kiyoyozi dakika kumi kila wiki, ili mipira ya maungio isikauke na kuanza kuvujisha.

Msimamo wake kuhusu gesi ulitokana na kosa lake mwenyewe, na ameomba liandikwe humu. Februari 2011, gari la Kisarawe lilipungukiwa gesi mara mbili ndani ya wiki tatu. Gari lilihitajika, foleni ya wagonjwa ilikuwa ndefu, naye akajaza mara zote mbili bila kutafuta pa kuvuja. Safari ya tatu kiyoyozi kilikata kabla ya Mzenga. Mgonjwa mmoja, Bi. Mwanaasha Hashiru wa Maneromango, alizimia garini na kulazwa siku tatu.

Aliporuhusiwa, Mashauri alikwenda kwake kuomba radhi. Alisimama mlangoni, akatoa shikamoo, akaeleza kosa zima tangu mwanzo. Bi. Mwanaasha alimsikiliza, kisha akamuuliza, "Mwanangu, kwani wewe ndiye jua?" Akamkaribisha chakula. Mashauri anasema alikula, lakini swali lile halikumpunguzia kitu.

Wiki hiyohiyo alianzisha kipimo ambacho madereva wamekiita Kikaango. Gari husimamishwa juani saa sita mchana, madirisha yamefungwa, dakika ishirini. Kisha injini huwashwa, na dereva wa gari hilo hukaa kiti cha mgonjwa, nyuma kabisa, akiwa na kipimajoto. Joto lisiposhuka inavyotakiwa ndani ya dakika kumi, gari haliondoki. Dereva husaini, na fundi husaini.

Madereva hawakukipenda. Twalibu Seifu, anayeendesha gari namba 9, aliwahi kugonga kioo na kupiga kelele, "Mzee Mashauri, mimi si muhogo!" Jibu lililotoka nje lilikuwa, "Tulia humo, ukiiva nitakwambia." Twalibu huyohuyo sasa ndiye anayewaingiza madereva wapya kwenye kikaango, bila huruma. Tangu mwaka 2011 hakuna mgonjwa wetu aliyezidiwa kwa sababu ya kiyoyozi.

Jumatano wiki hii gari namba 9 lilipita Kikaango, ila lilikuwa bado halijasainiwa. Alhamisi asubuhi Mashauri alilipima tena, akakuta gesi imeshuka kidogo. Alipaka maungio yote maji ya sabuni, na hakuna lililotoa povu. Anaamini panapovuja ni nyuma ya dashibodi, na kuifungua ni kazi ya siku mbili. Leodegar anakiri alimwambia, "Mzee, saini tu uende zako, sisi tutamalizia." Mashauri akamjibu, "Nikishasaini, mtamalizia nini?" Akafunika kalamu.

Kalamu hiyo ilipelekwa kwa Elina Mashimba, aliyefundishwa naye kwa miaka tisa na anayeshika nafasi yake kuanzia kesho. Elina naye alikataa.

Mzee Mashauri, tunakushukuru kwa miaka yote hiyo, na kwa kutuachia gari moja bovu likiwa limeandikwa kuwa bovu. Uende salama Mbwawa, upumzike, afya iwe nawe na Bi. Tereza.

Wagonjwa wa Maneromango na Mzenga wamekwishapigiwa simu: kesho na Jumatatu watachukuliwa na gari namba 4 la Kongowe, na wawe tayari saa moja kabla ya kawaida. Elina anaanza kufungua dashibodi kesho Jumamosi saa mbili asubuhi. Gari namba 9 litarudishwa juani Jumatatu, tarehe 1 Desemba, saa sita mchana, Twalibu akiwa kiti cha nyuma. Atakayesaini, au kukataa, ni Elina.