Chomba Ngosa na Baraka Aliyoikawiza

Akina baba na akina mama, ndugu mliotoka Kasenga na Sakania, majirani wa Katuba, na ninyi mafundi mlioacha vyerehani vyenu asubuhi hii, familia inawashukuru kwa kukaa nasi katika matanga haya, na inawaomba utulivu kidogo, maana mzee tunayemsindikiza leo hakupenda kukatizwa maneno, hata na wakubwa zake.

Baba yetu, André Chomba Ngosa, alizaliwa tarehe 14 Machi 1937 katika kijiji cha wavuvi kando ya mto Luapula, karibu na Kasenga, akiwa mtoto wa pili wa mzee Chomba, mvuvi, na mama Ngosa, muuza samaki wa kukausha, na baada yake akazaliwa dada yake Chanda, ambaye tangu ajue kutembea alimfuata kaka yake kila mahali, mpaka akapewa ruhusa ya kukaa kwenye mtumbwi ili tu anyamaze.

Alianza shule kwa mapadri mwaka 1945, akamaliza darasa la sita mwaka 1951, akajua kusoma, kuhesabu, na kuimba Kilatini ambacho hakukielewa, na walimu walimsifu kwa akili na kumchapa kwa ubishi, mambo mawili ambayo kwake yalikuwa jambo moja. Baada ya hapo alivua samaki na baba yake.

Mwezi Juni 1955, serikali ya Wabelgiji ilimtaka chifu atoe vijana wa kwenda jeshini, chifu akaagiza kila ukoo utoe kijana mmoja, na mjomba wa marehemu, ndugu mkubwa wa mama yake, akamtoa yeye. Wako waliouliza kwa nini mjomba hakumtoa mwanawe wa kumzaa, na ninyi mliokulia katika desturi yetu mnalijua jibu, kwamba mtoto ni wa ukoo wa mama yake, mjomba hakuwa na neno juu ya mwanawe mwenyewe bali juu ya wapwa zake, basi alitoa kile alichokuwa na haki ya kutoa. Baba hakumchukia, na siku mjomba huyo alipokufa alimlilia kwa machozi ya kweli, lakini hakusahau kamwe kwamba siku ile kila mtu aliulizwa isipokuwa yeye.

Alivaa sare miaka mitano kati ya saba aliyopangiwa, katika kambi ya Élisabethville, ndiyo Lubumbashi yetu hii, na mwezi Julai 1960, askari walipowaasi maofisa wao na kambi ikawa haina baba wala mama, aliegemeza bunduki yake ukutani, akavua kofia, akarudi Kasenga kwa miguu. Watu walimwita mtoro wa jeshi, naye hakukana, alikuwa akisema hivi, «Miye nilitolewa. Muntu mwenye kutolewa na bengine, iko na haki ya kurudia kwabo.» Na vita vingine vilipofuata na vijana wakatafutwa tena, alivuka mto na wavu wa baba yake, akakaa ng'ambo mpaka mambo yalipotulia.

Tarehe 3 Februari 1964 aliajiriwa na reli huko Sakania, kazi yake ikiwa kugeuza njia za treni zinazokwenda na kutoka Zambia, akaifanya mpaka alipostaafu mwaka 1992. Huko huko Sakania, tarehe 6 Agosti 1966, alifunga ndoa na mama yetu Chilufya, mwanamke pekee aliyeweza kumnyamazisha kwa kumtazama tu, wakazaa watoto sita, wawili wametangulia, na wanne tuko hapa mbele yenu pamoja na wajukuu na vitukuu. Baada ya kustaafu walihamia Katuba, hapa hapa Lubumbashi, mama akatuacha tarehe 20 Mei 2011, na tangu siku hiyo baba alihamishia ubishi wake kwa jirani.

Jirani huyo ni Baba Zakari Feruzi, fundi cherehani, ambaye wazee wake walitoka Maniema, na wote mnaopita barabara yetu mmewaona hao wawili kwenye baraza ya karakana, mmoja akikata kitambaa, mwingine akikatiza maneno. Vita vya mashariki vilipopamba moto mwanzoni mwa mwaka 2025 na mji mzima ukaanza kubishana kama vijana wote waitwe jeshini kwa sheria au waende wenye kutaka tu, baba alishika upande wake wa siku zote, kwamba jeshi la watu waliosukumwa ni jeshi la watu wanaotazama mlango, na kwamba nchi iende na yule aliyesimama mwenyewe akasema naenda. Baba Zakari alimcheka, akamwambia kwamba mtoto wa mkubwa hasimami kwenye foleni ya kuandikishwa hata siku moja, anayesimama amesukumwa na njaa, «Haiko roho njo inabaandikisha, Chomba, iko tumbo. Baite bote, bana ya bakubwa na bana ya maskini, utaona vile vita itaisha mbio.»

Mwezi Machi, Guelor, mtoto wa dada yetu Myriam, binti wa marehemu shangazi Chanda, kijana wa miaka ishirini na miwili mwenye diploma ya umeme, ambaye alikuwa amechoka kuomba kazi kwenye mgodi wa Kinsevere na kila penye kampuni, alikuja akakaa chini mbele ya baba yetu, akamwambia anataka kujiandikisha jeshini, na kwamba amefuata baraka. Kwetu kijana anayekwenda mbali hubarikiwa na mkubwa wa ukoo wa mama yake, ambaye huwaza, hulowesha midomo, humpulizia mate kidogo kwenye paji la uso na kumtamkia njia njema, na bila hiyo mtu huenda kama asiye na kwao. Mkubwa huyo alikuwa baba, ambaye sasa alikuwa amekaa mahali pa yule mjomba wa 1955, na siku hiyo hakuitoa baraka.

Baba Zakari alipata habari, akaja na mkasi mkononi, akamwambia mkuki kwa nguruwe mtamu, ulitaka wenye kutaka, huyu hapa anataka, sasa unataka nini tena. Baba alimgeukia kijana, akamwuliza, «Kama ungelikuwa na kazi, ungelienda?» na Guelor, ambaye hajui kusema uongo na hilo tunamsifu, akamjibu babu yake, «Nkambo, nisikudanganye. Hapana.»

Jibu hilo lilimuuma baba kuliko ugonjwa wowote, kwa sababu liliuvunja ubishi wake wa miaka sitini mbele ya mtu yule yule aliyekuwa akibishana naye. Hata hivyo hakukasirika, alisema mwenye njaa haulizwi swali kubwa, ashibe kwanza, halafu aulizwe, na akamwomba Guelor afanye kazi mpaka mvua zirudi ndipo aje tena. Kisha, jambo ambalo hatukuwahi kuliona, alimwomba Baba Zakari msaada, naye akampa kijana pembe moja ya karakana atengeneze mota za vyerehani, pasi na feni za mtaa.

Kazi ilishika, wateja walitoka mpaka mitaa ya Kenya na Ruashi, Guelor akanenepa, Myriam akarudia kuimba akipika, na sote tukaamini kwamba habari ya jeshi imekwisha. Lakini mwezi Juni, Alima, mtoto wa ndugu yake Baba Zakari, alifika na watoto wake watatu wakikimbia vita kutoka Bukavu, wakapewa chumba nyuma ya karakana, na Guelor akawa akifanya kazi huku akiwasikia watoto hao wakishtuka kila pikipiki ilipopiga kishindo.

Baba alianza kuvimba miguu mwezi Septemba, akalazwa kwa ugonjwa wa moyo tarehe 28 Oktoba, na mvua ya kwanza ilipopiga bati za hospitali, Guelor aliingia, akakaa chini kando ya kitanda, akasema, «Nkambo, sasa niko nashiba, na ningali nataka.» Baba alikuwa ameshinda ubishi, na hatujawahi kuona mtu akihuzunika hivyo kwa kushinda. Baba Zakari alilia waziwazi, akisema ni wageni wake waliomharibu mtoto wa watu, kisha akamwuliza baba, «Huyu mumoja, ulimulisha kwanza. Na bale bote benye kuwa ku foleni, nani alibalisha?»

Siku mbili baadaye baba alimwita Guelor, lakini dawa na homa vilikuwa vimemkausha kinywa, hakuwa na mate, ikabidi Baba Zakari, mtu ambaye angependa vijana wote waitwe au asiitwe hata mmoja, amshikie kikombe cha maji. Baba alilowesha midomo, akambariki mjukuu wake, akamwambia, «Hakuna mwenye kukutoa. Ukitaka kurudi, rudi, mulango iko wazi.» Alikata roho tarehe 19 Novemba 2025, saa tisa mchana, akiwa na miaka themanini na minane.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa subira, ijapokuwa aliwabishia kila sindano, majirani wa Katuba kwa maji, kuni na viti, wastaafu wa reli waliotoka Sakania, parokia na wanakwaya, Alima aliyewapikia waombolezaji siku zote hizi, na kwa namna ya pekee Baba Zakari, aliyeshona suti aliyovaa marehemu.

Guelor ataondoka Jumatatu baada ya matanga kufungwa. Baba ameacha neno kwamba asiimbiwe nyimbo za vita wala asiitwe shujaa, aitwe jina lake. Na dada yetu Myriam, mama yake, ameomba isomwe mbele ya watu wote kwamba yeye bado hajakubali, na familia imeona kwamba ana haki, hakuna atakayemlazimisha.

Pumzika kwa amani, baba, sisi tunabaki na Myriam.