Mzee Mwasenga Anastaafu, Maswali Yake Yabaki

Nianze kwa kuomba radhi. Judith wa masijala aliniomba maandishi haya ya ratiba ya sherehe tangu mvua hazijakatika, na sasa mahindi yanakauka shambani. Mwanangu Angel anaota meno, na mwenye mtoto anayeota meno haandiki, anaanza sentensi tu. Leo amelala, nami nakimbizana naye kabla hajabadili mawazo.

Mzee Gwalugano Mwasenga anastaafu Ijumaa, tarehe 27 Juni, baada ya kuitumikia bohari yetu ya pembejeo hapa Tunduma kwa miaka thelathini na miwili. Alishuka kutoka Isongole akiwa kijana wa kubeba magunia. Akapewa ukarani wa stoo kwa sababu alikuwa mbishi: gari likija na mzigo pungufu, hasaini, hata dereva apige honi mpaka soko zima lisikie. Kompyuta zilipofika, wenzake walisema zinaumiza macho. Yeye akavuta kiti.

Makao makuu walipotuletea hifadhidata ya mbegu na mbolea, walileta na programu yake yenye vitufe vya rangi. Mzee aliijaribu kidogo, akasema inamchelewesha kama mgeni anayesalimia nyumba nzima kabla hajasema shida yake. Akahamia kwenye kidirisha cheusi, kile kisicho na picha wala vitufe: unaandika swali kwa kibodi, unabonyeza Enta, majibu yanateremka. Mteja mmoja aliyevuka mpaka kutoka Nakonde aliichungulia ile skrini, akamwonea huruma, akamwita babu kwa lugha ya kwao. "Bashikulu, pole sana. Imekufa lini?"

Sasa, kila asubuhi mawakala wetu wanataka kujua nini kipo na nini kimeisha. Swali la kuuliza hayo ni refu, na ukikosea mkato mmoja tu kompyuta inakugombeza kwa Kiingereza mbele ya watu. Mzee alikuwa analitunga mara moja, analihifadhi kwa jina, na siku zinazofuata anaandika jina tu. Majina yenyewe si ya kitaalamu. Kila swali lina jina la mtu aliyeliuliza kwanza. Ukiandika Enesi, inakuja mbegu iliyobaki, kwa sababu Mama Enesi, wakala wa Ndalambo, ndiye aliyemsumbua mpaka akalitunga. Ukiandika Luka, unaona mbolea iliyotoka bohari na bado iko njiani, maana Luka wa Galula hawashi pikipiki mpaka awe na uhakika. Ukiandika Meneja, majibu yanateremka bila kikomo na mwisho hujui umeambiwa nini. Mzee anasema hakuongeza kitu, ndivyo lilivyoulizwa.

Kuwafikishia mawakala majibu ndiko kulikotusumbua zaidi. Mwanzoni alipiga picha skrini kwa simu yake na kuitupa kwenye kundi la Wasapu. Skrini nyeusi inang'aa kama kioo, basi Mama Enesi alikuwa anapiga simu: "Mzee, paji la uso nimeliona, mbegu ziko wapi?" Ndipo akajifunza kuiamuru kompyuta iyamwage majibu kwenye faili, kila safu mahali pake, linalofunguka hata kwenye simu ndogo. Fungua faili, uliza, funga, tuma. Alituimbisha hivyo kama watoto wa Sunday school.

Na yeye mwenyewe ndiye aliyesahau kufunga. Ilikuwa msimu wa harusi ya binti yake Pendo, na Mzee, bila kumwambia mtu, alikuwa amejitengenezea jedwali lake humo humo ndani ya hifadhidata ya bohari, la wageni waalikwa na maoni juu ya kila mmoja. Asubuhi hiyo alifungua faili, akaita Enesi, mbegu zikateremka. Kisha, kabla hajafunga, akakumbuka kamati ya harusi inakutana jioni, akaita wageni. Faili likiwa wazi humeza kila unachouliza. Akalituma kwa mawakala wa mkoa mzima.

Chini ya mbegu za mahindi, watu wakajisoma. Luka wa Galula: anakula vizuri, awekwe karibu na jiko. Mama Enesi: asikae meza moja na dada yangu. Meneja Dennis: hotuba ndefu, asipewe kipaza sauti.

Luka alikuwa wa kwanza kujibu kundini. "Nafasi yangu nimeiona Mzee, nashukuru kwa kutambuliwa." Mama Enesi akauliza ni dada yupi, ili aje amejiandaa. Meneja aliiacha chai yake ikipoa ofisini. Kisha akatoka, akasimama mbele ya dawati.

"Mzee Mwasenga, hata dakika mbili?"

"Mbili utapata, baba. Lakini mchungaji ndiye atashika saa."

Siku ya harusi Meneja alisema maneno machache mazuri, akakaa. Alipigiwa makofi mengi hadi akanyanyuka tena, mchungaji akamwangalia, akakaa. Jedwali la wageni lilifutwa, na ukutani juu ya kompyuta pakabandikwa karatasi: FUNGA FAILI, WEWE MZEE. Mwandiko ni wake mwenyewe.

Mimi Tusekile nilikuja kwenye dawati hilo na cheti cha kidato cha nne na kozi fupi ya kompyuta. Niliporudi kutoka likizo ya uzazi, orodha za mawakala zilikuwa zinanishikilia mpaka mchana kupita. Kifua kinavuja, blauzi inaloa, mtoto yuko kwa bibi yake anakataa chupa. Sikusema. Mzee aliona mwenyewe. Asubuhi moja nimekaa tu, akaniambia, "Mama Angel, andika Angel." Nikaandika. Orodha za Ndalambo, Isongole na Galula zikatoka zote, kila moja kwenye faili lake, limeshafungwa. Nikamwambia Angel hajawahi kuuliza kitu hapa. "Ameuliza kwa sauti kuliko wote," akasema. "Haya, kanyonyeshe."

Tangu siku hiyo mwanangu ananyonya mchana. Lakini maswali yote, na hilo likiwemo, yamehifadhiwa ndani ya akaunti ya Mzee, na akaunti ya mstaafu inafungwa Ijumaa hiyo hiyo jioni. Nimemwomba anitumie. Anasema kesho. Kesho yake anasema subiri kidogo. Mtu aliyewahi kutuma siri za harusi kwa mkoa mzima kwa mpigo mmoja, leo anashindwa kutuma faili dogo kwa jirani wa dawati! Uvivu hajawahi kuwa nao. Nadhani anahofia kwamba akishatuma, hatutakuwa na sababu ya kumtafuta.

Baba Mwasenga, wafanyakazi wote wa bohari tunakushukuru. Umetufundisha kuuliza vizuri, na kutoona aibu kuuliza tena. Tunakuombea uzee wenye afya, kahawa isiyochelewa kuiva, na wajukuu wanaofunga mlango wanapotoka.

Ila kabla hujapanda gari la kurudi kwenu Ijumaa ninahitaji haya, na sitakubali kesho: faili la maswali yote uliyohifadhi, lote, usinichagulie. Swali la Angel ulitume peke yake pia, endapo lile kubwa litagoma kufunguka. Maelezo mafupi ya lile swali uliloliita Subiri, ambalo hakuna anayethubutu kuliita. Na namba ya jirani yako wa Isongole anayekaa mahali panaposhika mtandao, maana Jumatatu asubuhi nitapiga, hata kama kila kitu kinafanya kazi.